Mwalimu Afunzwe Ufukweni: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Elimu ya Unguja na Pemba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kwa wakuu wa Taasisi ya Elimu Zanzibar. Na kwa walimu watukufu wanaofunza walimu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Forodhani, Unguja.



Natanguliza udhuru kwa kuwaandikieni hadharani jambo ambalo lingeweza kufikishwa kwenu kwa barua ya faragha. Lakini kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu wazazi wote wenye watoto skulini, na wavuvi, na wakulima wa mwani, na kila mwenye nyumba karibu na bahari katika visiwa hivi, nimeona ni haki yao kuisikia hoja hii pamoja nanyi, wapate kuikubali au kuikosoa. Hoja yenyewe ni kwamba mafunzo ya mazingira na ya mabadiliko ya tabianchi yamekwisha kuingia katika mitaala na katika vitabu, wala sina la kulalamikia katika hilo, ila mwalimu aliyekabidhiwa vitabu hivyo hajafunzwa kuitazama nchi anayoisomesha; na mtu asiyeweza kupambanua kwa macho yake lipi ni ada ya bahari tangu azali, lipi limeletwa na joto la dunia, na lipi limeletwa na mikono yetu wenyewe, hatoweza kumpa mtoto upambanuzi huo hata akipewa vitabu kabati zima.

Udhaifu huu si wa walimu wetu peke yao. Mwaka 2021 UNESCO, pamoja na shirikisho la vyama vya walimu duniani, waliwauliza makumi ya maelfu ya walimu wa nchi mbalimbali rai yao mintarafu ya somo hili, na katika kila walimu 100, 95 walisema kwamba kulifundisha ni jambo muhimu. Lakini waliojiona kuwa na uwezo wa kulifundisha hawakutimia 40, na waliosema kwamba wanaweza kueleza vyema athari za mabadiliko hayo katika sehemu wanazoishi walikuwa kiasi cha thuluthi tu. Nakuombeni muizingatie hiyo thuluthi kuliko hesabu nyengine zote, kwani inatuonyesha mahali penyewe palipo na pengo. Mwalimu anaweza kuhadithia kuyeyuka kwa barafu ya ncha ya kaskazini, ambayo hajaiona wala hatoiona, kisha akashindwa kueleza kwa nini kisima cha kijijini kwake kimeingia chumvi.

Chukueni mfano wa hapa hapa Forodhani. Bustani hii, iliyofunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub, ikatengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009, imetenganishwa na bahari kwa ukuta tu. Siku za bamvua kubwa, mwezi unapoandama au unapopevuka, tafauti ya maji ya kujaa na maji ya kupwa katika bandari yetu hukaribia mita 4, na pindi upepo ukivuma kutoka baharini wakati maji yamejaa, wimbi huupiga ukuta likarusha maji juu ya watu waliokaa. Mtoto aliyerowa hapo atamuuliza mwalimu wake kama haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi. Mwalimu asiyefunzwa atajibu kuwa ndiyo, kwa sababu ndilo jibu jepesi. Mwalimu aliyefunzwa atamweleza kwanza habari za mwezi na jua na mvuto wao juu ya maji, kisha habari za pepo, kisha atamwambia kwamba bamvua lilikuwepo tangu zama za majahazi ya Maskati, walakini bamvua la leo linapanda juu ya bahari ambayo, kwa wastani wa dunia nzima, ilikwisha kuinuka kiasi cha sentimita 20 baina ya mwaka 1901 na mwaka 2018.

Na mwalimu huyo akiwa hodari zaidi, atawaeleza wanafunzi wake habari za kipimo cha kujaa na kupwa kilichopo bandarini tangu mwaka 1984, wapate kujua kwamba bahari ya mahali pamoja haiufuati wastani wa dunia hatua kwa hatua: kwa muda wa miaka kadhaa kipimo cha Unguja kilionyesha maji yakishuka kidogo, kabla ya kuonyesha kupanda. Jambo hilo halikanushi joto la dunia hata chembe. Linafunza kwamba ilimu hii hupatikana kwa kupima, na kungoja, na kupima tena. Nalitilia mkazo kwa sababu mtoto aliyezoezwa kusadiki kwa haraka atakuja kukanusha kwa haraka vile vile, siku atakapokutana na mtu mwenye ulimi mtamu anayemwambia kwamba habari zote hizi ni uzushi wa wazungu.

Nimeketi katika semina za walimu, katika kumbi zenye viyoyozi, siku moja asubuhi mpaka Adhuhuri, na nimesikia ikifundishwa humo kwamba dunia imepata joto kwa kuwa jua linaingia kupitia tundu la ozoni. Nilihuzunika, kwani waliokuwa wakinakili maneno yale katika madaftari yao walikuwa wakenda kuyafikisha kwa maelfu ya watoto. Tundu la ozoni ni jambo jengine: lilisababishwa na kemikali zilizokuwa zikitiwa katika mafriji na katika makopo ya kupulizia, mataifa yakafunga mapatano Montreal mwaka 1987 ya kuziacha, na tabaka hilo linaendelea kupona. Joto la dunia asili yake ni gesi zinazozuia joto lisitoke, na kubwa kati yazo katika kazi za mwanadamu ni hewa ukaa itokanayo na kuchoma makaa ya mawe, mafuta, gesi na misitu. Kabla ya zama za viwanda hewa hiyo ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika milioni, na leo imepindukia 420. Mambo haya mawili yanaweza kuelezwa kwa ufasaha katika saa moja, kwa Kiswahili, na mtu anayeyajua. Lakini anayeyajua hualikwa mara chache.

Kosa la pili lililoenea ni kulifanya somo zima kuwa somo la usafi. Mwalimu huwatoa watoto nje wakaokota mifuko na chupa, wakapanda miche miwili mitatu mbele ya mgeni rasmi, na somo likahesabiwa kuwa limetimia. Mimi siudharau usafi, na marufuku ya mifuko ya plastiki iliyopigwa hapa Zanzibar mwaka 2006, miaka mingi kabla ya marufuku kamili ya Tanzania Bara ya mwaka 2019, nahesabu ni fahari yetu. Lakini mtoto akiaminishwa kwamba bahari inapata joto kwa sababu yeye alitupa karatasi ya ubuyu barabarani, tumemdanganya, na tumembebesha dhambi isiyo yake. Kwani bara zima la Afrika, pamoja na watu wake wote, halitoi hata sehemu 4 katika kila 100 za gesi hizo. Yako mambo ambayo mtoto wa Unguja ana haki ya kuyadai kwa wengine, na yako ambayo ni wajibu wake mwenyewe, na kazi ya mwalimu ni kumtengea baina ya hayo mawili.

Sasa naja kwenye mwani, ambao kwangu mimi ni kitabu kilichofunguliwa mbele ya kila skuli ya mwambao wa mashariki, wala hakisomwi. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na waliokibeba, tangu siku hizo hata leo, ni wanawake. Wakapanda aina mbili, spinosamu na kotonii, na kotonii ndiyo iliyokuwa na bei nzuri. Kwa fedha zake nyumba zikaezekwa, watoto wakanunuliwa sare na madaftari. Kisha, kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000, kotonii ikaanza kufa: matawi yakageuka meupe, yakalainika, yakakatika na kuchukuliwa na mkondo, kwa sababu maji ya kina kifupi yakizidi joto mmea hudhoofika, na mmea dhaifu huvamiwa na maradhi. Dkt. Flower Msuya, ambaye amefanya utafiti pamoja na wakulima hao kwa miaka mingi, ni mmoja wa walioeleza habari hii kwa ithibati. Wengi wakabakia na spinosamu ya bei ndogo, na wengine ikawabidi kufuata maji ya kina ambako joto ni pungufu, ilhali wengi wao hawakupata kufunzwa kuogelea wala hawana vyombo. Tazameni basi yaliyokusanyika katika habari moja: iko baiolojia ya mmea, iko fizikia ya maji na joto, iko hesabu ya bei na uzito, iko jiografia ya kina cha bahari, iko hata insha ya Kiswahili ya mtoto atakayemhoji mama yake. Na mwalimu anayepita kando ya mashamba hayo kila asubuhi, miguu yake ikiwa na mchanga wa ufukwe ule ule, si ajabu akaingia darasani akasomesha ukame wa jangwa la mbali, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba lile alilolipita njiani ndilo somo.

Kadhalika matumbawe. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya mwambao wote huu yaligeuka meupe, na mengi yakafa, kwa kuwa tumbawe likizidiwa na joto huvitoa vijimea vidogo vinavyolilisha na kulipa rangi. Na misiba hiyo imerudi tena baadae. Kisiwa cha Chumbe, ambacho miamba yake ilihifadhiwa rasmi mwaka 1994, kimekuwa kikipokea wanafunzi wa skuli zetu pamoja na walimu wao kwa miaka mingi, wakazamisha nyuso zao majini na kuyaona matumbawe yakiwa hai. Kazi hiyo ni njema sana, nami nawashukuru walioianzisha. Lakini kisiwa kimoja na mashua yake haviwezi kuwa badali ya wizara. Na hata mwenye kubaki mjini hakukosa somo: pweza anayechomwa hapa Forodhani kila magharibi ametoka katika mwamba fulani, na viko vijiji vya Unguja na Pemba vilivyoamua kuifunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza akue, kisha vikaifungua kwa siku maalumu. Mwalimu na aje na wanafunzi wake wamuulize muuzaji pweza wake amevuliwa wapi.

Yako pia ya mikono yetu, na haya ndiyo yanayotaka ujasiri. Mashimo ya mchanga yaliyoachwa wazi katika mashamba ya kaskazini ya Unguja hayakuchimbwa na joto la dunia. Tumeyachimba sisi, kwa ajili ya matofali ya nyumba zetu na ya mahoteli. Mikoko, mikandaa, michu na mililana tumeikata sisi, kwa boriti na kuni na matanuri ya chokaa, kisha bahari ilipoingia mashambani tukasema ni mabadiliko ya tabianchi, na tukawa tumesema nusu ya kweli. Huko Kisiwa Panza, Pemba, imebidi kujengwa ukuta kuyazuia maji ya chumvi yasiingie mashambani. Mwalimu anayeweza kuwasimamisha wanafunzi mbele ya ukuta wa namna hiyo, akawauliza ni kiasi gani cha msiba kilichotoka mbali na kiasi gani kilichotoka kwetu, akawaacha wajadiliane bila ya kuwaogopea jawabu, huyo amefuzu. Lakini ajue kwamba mzazi wa mmoja wao huenda akawa ndiye mwenye gari la mchanga, na hapo atahitaji Wizara isimame nyuma yake.

Mfano ninaouthamini kuliko yote katika kufunza watu jambo hili ni ule wa Misali, kisiwa kilichopo magharibi ya Pemba, ambacho kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998. Wataalamu walikwisha kuwaelezea wavuvi hasara ya baruti na ya kuvunja matumbawe, na maelezo hayo hayakuwaingia. Ndipo wakakusanywa masheikh, walimu wa vyuo vya Kurani na wavuvi wenyewe, kwa msaada wa shirika la CARE na wa taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoasisiwa Uingereza na Fazlun Khalid, wakayadurusu pamoja mafundisho ya dini yao juu ya amana, juu ya ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi na juu ya mizani ya maumbile, wakatafuta hukumu ya uharibifu katika bahari ambayo si mali ya mtu mmoja. Hatimaye kikatungwa na kitabu cha mwongozo kwa ajili ya walimu. Ninachokiona katika kazi ile ni kwamba waliofunzwa ni watu ambao tayari walikuwa na masikio ya jamaa zao, na walifunzwa kwa kuanzia pale ilimu yao ilipofikia, si kwa kuanzia pale ilimu ya mgeni ilipofikia. Mtoto wa visiwa hivi ana walimu wawili, wa skuli na wa chuoni. Nasi tunapopanga mafunzo humwita mmoja tu, maalim wa chuoni tukamwacha mlangoni.

Wapo na wengine tuliowaacha mlangoni. Wakulima na wavuvi wetu walikuwa wakihesabu siku za mwaka tangu Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka wao, kwa makumi, miongo, wakijua mwongo upi wa kulima, mwongo upi wa kutazamia Vuli na upi wa kutazamia Masika. Na wazee wa Makunduchi, wanaousimamia Mwaka Kogwa, sherehe ya Nairuzi, kila Julai, bado wapo kati yetu. Wengi wao watakuambia kwamba mvua hazifuati tena hesabu ile. Simtaki mwalimu ayachukue maneno yao kama kipimo, kwani kumbukumbu ya mtu huchanganya mwaka na mwaka, lakini namtaka awe na daftari la mvua la skuli yake, ayalinganishe maneno ya mzee na daftari hilo, na wanafunzi wake waone pale yanapokubaliana na pale yanapotafautiana. Na mwalimu wa tarehe naye ana fungu lake: kimbunga cha Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kiliing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote na kuangamiza merikebu bandarini, ilhali Pemba ikasalimika, na kimbunga Hidaya kikaikaribia pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024. Mwenye kusomesha cha pili bila ya cha kwanza huwafanya watoto wadhani kwamba dhoruba zimezaliwa jana.

Juu ya lugha nitasema kidogo. Sera ya elimu ya mwaka 2006 iliyahamisha masomo ya hesabu na sayansi kwenda Kiingereza kuanzia darasa la tano, na huu si wasaa wa kuufufua mjadala wake wote. Ila mafunzo ya mwalimu mwenyewe, angalau hayo, yawe kwa Kiswahili, pamoja na bamvua na maji mafu, Kusi na Kaskazi, matlai na mkondo, kwani mtu aliyelifahamu jambo barabara ataweza kulihamishia katika lugha yoyote anayotakiwa, na asiyelifahamu ataishia kukariri.

Basi ninaloliomba ni hili. Chuo cha Nkrumah cha Beit-el-Ras, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa, kimekaa ufukweni. Kila mwanafunzi wa ualimu anayepita hapo, awe wa sayansi, wa dini au wa Kiswahili, akabidhiwe mahali pamoja, kipande cha mikoko, au kisima, au bonde la mpunga, au ufukwe, apaangalie mwaka mzima, Kaskazi na Kusi, na daftari lake lisahihishwe na kupewa alama kama zinavyopewa karatasi za mtihani. Walimu waliokwisha kuajiriwa waitwe katika vituo vya walimu, Bububu na Dunga na Mkwajuni na vinginevyo vya Unguja na Pemba, si kwa semina ya siku moja, bali kwa siku chache katika kila msimu; na wavuvi na kina mama wa mwani waitwe humo wakae mbele, walipwe ujira wa mkufunzi, si nauli tu. Wenye mamlaka ya mitihani nao watie maswali yasiyoweza kujibiwa na mtoto ambaye hakutoka nje, kwa sababu mwalimu, awe mwema namna gani, husomesha kile kitakachoulizwa. Na kama inawezekana, lirejeshwe gazeti la walimu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 walimu wa visiwa hivi walikuwa na lao, Mazungumzo ya Walimu, wakiandikiana humo mambo ya kazi yao. Leo mwalimu wa Nungwi aliyeona ufukwe wa kijiji chake ukiliwa hana pa kumwandikia mwenziwe wa Wete.

Najua jawabu la kwanza litakuwa ni fedha, na sitaki kulipuuza. Basi pakiwa hapana fedha, ianzwe hapa Forodhani, bamvua la kwanza la muhula ujao, kwa walimu wa skuli za Mji Mkongwe peke yao. Hapahitajiki ukumbi wala kiyoyozi. Panahitajika madaftari, ufito uliotiwa alama za sentimita, ratiba ya kujaa na kupwa, mvuvi mmoja mtu mzima wa kuwasimulia habari za ukuta huu, na ruhusa yenu ya maandishi kwamba mwalimu atakayekuwepo hapa saa ya maji kujaa, pamoja na darasa lake zima, hatohesabiwa kuwa ametoroka kazini.



Mwalimu mstaafu, Mji Mkongwe, Unguja.